Nataka kujitolea kwenye kikundi cha mikoko Mikindani, nianzie wapi?

Mgeni_Shangani

Habari zenu wana-Kusini. Nimehamishiwa Mtwara kikazi, nakaa Shangani. Kwetu ni Singida, kwa hiyo bahari mimi ni ya kuitazama tu, kuogelea sijui. Wikendi zangu zinaishia kwenye kufua, kupiga pasi na kulala.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye daladala ya Mikindani, nikaona akina mama na vijana wako kwenye tope, khanga zimefungwa kiunoni, wanapanda mikoko. Nilishuka nikawasalimia. Ni kikundi chao wenyewe cha mtaani, hakina gari wala bango. Nikamuuliza mama mmoja kama naweza kuja kusaidia, akacheka, akaniambia: "Njoo tu, ila uje na maji." Nilidhani ananiambia nibebe maji ya kunywa. Baadaye nikaanza kuhisi alimaanisha kitu kingine.

Naomba anayejua anieleze. Kuna kiingilio? Nikienda kila Jumamosi saa mbili asubuhi inatosha? Nivae nini? Halafu kuna mtu ofisini ameniambia vikundi vya aina hii ni vya kula hela za wafadhili na kupiga picha, nisijisumbue. Ni kweli?

Korosho_Ghafi

Dada, huyo wa ofisini kwako kakwambia ukweli. Mimi nimezaliwa hapahapa. Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, watu wanashushwa ufukweni na fulana mpya. Hotuba, miche, picha, soda, kwaheri. Pita palepale baada ya miezi michache, huoni hata kijiti. Mwaka unaofuata wanapanda tena palepale. Ukitaka mazoezi ya mwili nenda uwanjani.

Bi_Mwani

Korosho_Ghafi hajasema uongo, ila amesema nusu, na nusu hiyo watu wa kusema hawakosekani.

Mgeni, mwanangu, karibu Kusini. Mimi kazi yangu ni mwani, na nimo kwenye kikundi cha mikoko upande wa ghuba ya Mikindani. Sikitaji jina, isije ikaonekana natafuta wafadhili humu.

Aliyekwambia uje na maji hakukufumba. Alikwambia uangalie kupwa na kujaa. Bahari haijui Jumamosi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, pale mwezi unapoandama na pale unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hukauka sana. Kwa huku kwetu hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Hapo ndipo kazi ya tope inafanyika, na hapo hapo ndipo mimi natakiwa kwenye mwani wangu, kwa hiyo ujue pia kwamba mtu unayemkuta kwenye mikoko siku ya bamvua ameacha kitu chake mahali. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa karibu saa nzima. Ikipita wiki tuko kwenye maji mafu: yanakupwa kidogo tu, na yanakupwa alfajiri na jioni. Jumamosi ya maji mafu ukija saa mbili asubuhi utakuta yanajaa, sisi hatupo, utasema kikundi ni hewa.

Kwa hiyo usiwaahidi kila Jumamosi. Waahidi Jumamosi zitakazoangukia bamvua, na hizo uje kweli. Huhitaji programu ya simu. Mwulize mvuvi yeyote pale ufukweni, atakwambia bila kufikiri.

Sasa turudi kwa Korosho_Ghafi. Kwa nini vijiti vinatoweka? Sababu ya kwanza ni mahali. Wageni wakija huvutiwa na lile tope tupu, pana, lililo mbele ya bahari. Linaonekana linadai miti. Lakini mahali ambapo mikoko haijawahi kuota yenyewe, na mbegu zinapita hapo kila mwaka zikielea, pana sababu yake. Pengine panakaa chini ya maji muda mrefu mno. Pengine mawimbi ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, yanapiga moja kwa moja. Pengine ni majani ya bahari, ambayo nayo ni malisho ya samaki wadogo na kasa, ukiyafukia kwa mikoko umeharibu kimoja ili upigiwe picha na kingine.

Sababu ya pili ni aina. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa. Mkaka, ule wenye mizizi ya upinde, unapenda kingo za mikono ya bahari, yaani vijito vya maji ya chumvi vinavyoingia nchi kavu, na tope laini. Mkandaa uko nyuma yake. Mchu ni mvumilivu, utaukuta mbele na utaukuta nyuma kabisa kwenye ardhi yenye chumvi kali. Lakini angalia kinachopandwa siku za sherehe: mkaka, mkaka, mkaka. Kwa sababu mbegu yake ni ndefu, unaishika mkononi, unaichomeka, umemaliza, huhitaji kitalu. Mchu mbegu yake ni ndogo, inataka kuoteshwa kwenye viriba na kutunzwa, na mlilana ndio una kazi zaidi. Hakuna mheshimiwa mwenye muda huo.

Hapa nikuoneshe kitu ambacho ukikijua kabla ya kufika, akina mama watakuheshimu siku ya kwanza. Mbegu ya mkaka huota ikiwa bado juu ya mti. Inaning'inia, kijani, ndefu kama mkono wako kuanzia kiwiko, tunda likiwa juu yake. Mbichi usiichume. Itazame pale inaposhikana na tunda: ikikomaa hutokea kipete cha rangi ya manjano, na ukiigusa kwa kuizungusha kidogo inaachia yenyewe. Ikikataa, iache. Kisha ipitishe vidole kutoka juu hadi chini. Ukikuta katundu kadogo, ndani mna mdudu, hiyo tupa. Ukikuta imekatwakatwa, kaa amekutangulia. Ile nzima unaichomeka kwenye tope kiasi cha theluthi, upande uliokuwa kwenye tunda ndio unabaki juu. Usiipigilie kwa nguvu, sukuma kwa kiganja. Nimewahi kuona shamba zima limepandwa vichwa chini, na watu wamevaa fulana zenye maandishi mazuri kabisa kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Msimu wa mvua ndio mbegu zinadondoka kwa wingi. Sasa hesabu mwenyewe: Juni kwetu mvua imekwisha, kusi linavuma. Ndiyo maana nasema Korosho_Ghafi hajasema uongo.

Kiingilio: mwanachama ndiye anayelipa kiingilio, maana ana hisa, anaweka akiba, anakopa, anapiga kura. Wewe wa kujitolea si mwanachama, hulipi. Kwetu ndivyo ilivyo, na wakikudai, uliza unalipia nini na risiti iko wapi, bila ugomvi. Na usikimbilie uanachama. Kuna vikundi vinaomba ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na mtumishi mwenye mshahara akiwa kwenye orodha anaweza kuwaletea maswali. Kaa pembeni kwanza ujue wanataka nini.

Mavazi: buti za mpira acha nyumbani. Tope la mikoko likizikamata unatoka wewe, buti inabaki. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba, maana kuna chaza kwenye mizizi wanakata mguu vizuri sana. Suruali ndefu nyepesi, na kitu cha kichwani.

Korosho_Ghafi

Bi Mwani, heshima yako. Ila sema basi: mmepanda ngapi, zimebaki ngapi? Maana hapo ndipo huwa mnanyamaza.

Bi_Mwani

Idadi ya kupanda siitaji mahali popote, baba. Kupanda elfu ni kazi ya asubuhi moja mkiwa wengi na mbegu zipo. Anayekutajia idadi ya kupanda anakuuzia kitu. Muulize ngapi zina majani baada ya mvua ya pili, na akuoneshe alikoandika. Sisi tunaandika kwenye daftari la kaunta, tunahesabu vipande vilevile kila baada ya miezi michache, na vipande vingine hatupandi tena kwa sababu daftari limetuambia hapafai. Daftari linakaa kwa mweka hazina. Njoo usome, hakuna siri.

Mwana_wa_Lukuledi

Nami niongeze kidogo kutoka Lindi. Mimi ni mvuvi, mambo ya vikundi niliingizwa na mke wangu.

Kwetu kuna majaruba ya chumvi. Mikoko ilikatwa, tuta likazungushwa, maji yakazuiwa, chumvi ikavunwa miaka kadhaa, kisha mwenye jaruba akaacha. Wengi hukimbilia kupanda mle ndani. Miche inakufa, kwa sababu tuta bado lipo, maji hayaingii wala hayatoki, ardhi imeungua kwa chumvi. Tulichojifunza ni kutoboa tuta pale ambapo zamani palikuwa na njia ya maji. Basi. Bahari inaingia, inatoka, inaleta mbegu yenyewe. Mchu ndio unatangulia. Kazi ilikuwa ya majembe na mabishano na mwenye eneo, zaidi mabishano. Mche hata mmoja hatukuotesha. Kwa hiyo dada Mgeni, ukiona kikundi hakina kitalu usikidharau.

La pili, sheria. Mikoko yote ni hifadhi ya misitu iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kukata boriti, pau au kuni bila kibali ni kosa, hata kama mti uko nyuma ya choo chako. Kikundi kizuri kinafahamiana na ofisi ya misitu na serikali ya mtaa, na kinajua kwamba kupanda hakukufanyi mwenye msitu. Uliza hilo mapema.

La tatu, na hili nasema kwa uzito. Utasikia kuhusu doria, watu wanafukuzana na wavuvi wa baruti au wenye makokoro, zile nyavu za kukokota. Usiende. Hiyo ni kazi ya BMU, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, na maofisa wenye mamlaka. Baruti imepungua sana ukilinganisha na zamani, wakati fulani tulikuwa tunasikia milipuko kama jirani anapasua mawe, lakini mtu wa baruti akikujua sura na unakaa mji mdogo, si jambo la wikendi hilo. Ukisikia kitu, mwambie kiongozi wa kikundi, yeye anajua simu ya kupiga.

Mgeni_Shangani

Bi Mwani shikamoo, na wengine wote asanteni sana. Sikutegemea majibu ya namna hii.

Nina maswali mawili zaidi. Mimi ni mhasibu, nina laptop. Naweza kusaidia vipi siku ambazo maji hayafai? Na kuhusu posho: pale nilipowakuta nilisikia vijana wawili wananong'ona kwamba kama hakuna posho hawarudi. Nikajisikia vibaya, mimi nakuja bure kwa sababu nina mshahara, wao hawana. Nitakuwa nawaharibia?

Halafu Msimbati nako kuna kikundi? Mwenzangu anataka twende huko, anasema ufukwe ni mzuri zaidi.

Bi_Mwani

Marahaba mwanangu.

Nianze na Msimbati kwa sababu ni fupi. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000. Kuna ofisi, kuna kiingilio cha hifadhi, na vijiji vina kamati zao. Kujitolea kunawezekana lakini unapitia ofisini kwao kwanza, huendi tu ukashuka ufukweni ukaanza kuokota. Mwenzako kama anachotaka ni ufukwe mzuri, mwache aende akaogelee. Hakuna dhambi. Mikindani unapanda daladala asubuhi na unarudi mchana, na mtu anayerudi rudi ndiye tunayemtaka.

Posho. Hili wengi hulizunguka. Kuna miradi ilipita huku ikawa inalipa watu kukaa kikao. Ukikaa, unasaini, unapewa bahasha. Mradi ukaisha, vikao vikaisha, na kijana aliyezoea bahasha ukimwita leo anakuuliza "kuna nini?" Simlaumu. Asubuhi ya bamvua ni asubuhi ya pweza, ya chaza, ya kutafuta kitoweo. Unapomwita kwenye tope unamwomba aache mlo. Kwa hiyo sisi tulikubaliana hivi: hakuna posho, ila kazi inaanza mapema na inaisha maji yakiwa bado chini, ili mwenye pweza wake akachokoe, na mwenye mwani akafunge kamba zake. Na chakula kinapikwa. Mara nyingi ming'oko, tunachemsha tunakula na chumvi na pilipili. Ukileta sukari na majani ya chai umechangia kuliko bahasha. Wale vijana wawili, kama ni ninaowadhania, watarudi. Wananong'ona kila mara.

Wewe kuja bure hakumharibii mtu. Kitakachoharibu ni ukianza kutoa hela mfukoni, buku mbili huyu, nauli yule. Baada ya miezi mitatu utakuwa wewe ndiye mradi. Usitoe.

Uhasibu. Hapa nisikilize vizuri. Wakijua una laptop, wiki ya pili watakufanya katibu. Watakuita "katibu wetu" kwa mapenzi kabisa, na utaona umeheshimiwa. Kataa kwa adabu. Ukihamishwa kwenda Kigoma, kila kitu kinaondoka na laptop yako: muhtasari, barua za halmashauri, neno la siri la barua pepe. Nimeliona hilo likitokea kwa kikundi kingine na walikaa mwaka mzima hawana hata nakala ya katiba yao. Badala yake kaa na mweka hazina wa kikundi siku za maji mafu, jioni, mfundishe kufunga hesabu za mwezi kwenye daftari lake mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe. Mapato huku, matumizi huku, salio, sahihi mbili. Na msomee barua za Kiingereza zinazokuja. Watu wengi wanasaini wasichokijua.

Kazi nyingine za siku za maji mafu zipo: viriba vya mchu kumwagilia na kupalilia, kwenda kwa mwenye mbuzi kumwomba awafunge, maana mbuzi wanaupenda mchu mchanga kuliko majani ya kwao. Na takataka. Mifuko ile ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 ilipungua kweli, hilo naweza kuapa. Lakini ndala! Sijui dunia ina miguu mingapi. Ndala za upande mmoja, chupa za maji, nyavu chakavu. Nyavu ndizo mbaya, zinajizungusha kwenye mche mchanga na kila maji yakijaa zinauvuta mpaka unalala. Kutoa wavu kwenye mche ni kazi ya kisu kidogo na subira, na haina hotuba. Ukipenda kazi ya peke yako, hiyo ndiyo.

Kutokujua kuogelea si tatizo. Hatuendi kwenye maji, tunaenda kwenye tope. Ila usitangulie mbele ya wenyeji, usivuke mkono wa bahari peke yako hata kama maji yako kwenye vifundo, na ukisikia mtu anasema "yameanza," geuka wakati huo huo. Usimalizie kipande. Yakianza kujaa kwenye bamvua yanakimbia, na njia uliyojia haitakuwepo.

Mwana_wa_Lukuledi

Hapo kwenye "yameanza" mumsikilize Bi Mwani. Wageni hupenda kusema "dakika moja tu."

Korosho_Ghafi

Bi Mwani, ikifika Oktoba mbona huwa hampo? Nimepita pale mara nyingi msimu wa korosho, hakuna mtu.

Bi_Mwani

Tuko kwenye korosho, baba, na wewe jina lako linajua hivyo. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka watu wanaokota, wanabangua mawazo kuhusu mnada, hakuna wa kumwita. Na ndiyo sababu mtu wa ofisini kama Mgeni anafaa. Miezi hiyo mtu mmoja asiye na shamba, akipita mara moja kila bamvua kuangalia nyavu na mbuzi na kuandika kwenye daftari, anatuvusha mpaka mvua. Hatuhitaji watu mia. Tulishapata mia, wakaenda na fulana zao.

Mgeni_Shangani

Nimeelewa. Leo nimemuuliza mvuvi mmoja pale feri, kaniambia bamvua inaanza katikati ya wiki ijayo na Jumamosi maji bado yatakuwa chini lakini yatachelewa. Niondoke Shangani saa ngapi?

Bi_Mwani

Kama bamvua ni katikati ya wiki, Jumamosi yatakauka kwenye saa saba hivi. Tunaingia kwenye saa tano maji yakiwa yanatoka. Panda gari ya saa tatu ili usifike unakimbia. Shuka penye miembe, uliza akina mama wa mikoko, mtoto yeyote atakupeleka. Raba kuukuu, kofia, maji ya kunywa. Sukari nusu kilo inatosha.

Korosho_Ghafi

Na asiye na fulana anaruhusiwa?

Bi_Mwani

Anaruhusiwa. Uje na kisu kidogo, kuna wavu umelala kwenye kipande cha pili tangu wiki iliyopita.